Nyuma ya Karatasi

Mizani ya uwanja wa ndege wa Tanga ina mshale unaotetemeka
hata ukiwekewa kikapu cha malimau.
Shemweta anaungoja utulie, kisha anaandika:
kilo tisa na robo, sanduku jeusi, kufuli mbili.
Halafu ananipandisha mimi, na pochi yangu,
maana ndege hii ya viti kumi na viwili
haitofautishi nyama na chuma.

"Fungua."
Nafungua. Abiria wote sita wanageuza shingo.
Hapa hakuna chumba cha pembeni; kuna benchi,
pangaboi, na kalenda ya mwaka juzi.
Anasoma namba za mtutu, moja moja,
nami namtangulia bila kutazama,
kama mama anayeulizwa siku aliyojifungua.
Leseni. Kibali cha polisi Chumbageni.
Barua ya chama. Barua ya mwaliko.
Ya shirika la ndege. Ya kurudi nayo.
"Na ya baba yako huna?" anatania.

Baba alikuwa na gobore lisilo na barua hata moja.
Lililinda mahindi ya Maramba dhidi ya nguruwe
miaka ishirini, likanuka moshi kuliko jiko.
Siku kilipopita kipaza sauti, salimisheni, salimisheni,
alilifunga kwenye mkeka kama maiti ya mtoto
akalibeba kwa miguu hadi kituoni.
Jioni ile alikaa barazani
mikono haijui iwekwe wapi.
Akaiweka magotini. Ikateleza.

Yangu inasafiri imetengana:
mwili umelala tumboni mwa ndege,
bolti, ulimi wake, imo mkobani mwa rubani,
risasi zina kijisanduku chao na kufuli yao
huko mkiani, mbali na mwili,
kama wachumba kabla ya nikaha.
Mimi nimebaki na funguo.

Kando yangu bibi mmoja anarudi Chake
kutoka hospitali ya Bombo, jicho moja lina bandeji.
Hajafunga hata mkanda, ananigusa paja.
"Mwanangu, waenda kuua nini?"
"Karatasi, bibi."
"Imekukosea nini?"

Nacheka, kisha namweleza:
duara, ndani yake duara, ndani yake duara,
katikati nukta ndogo kuliko tembe ya dawa,
mita hamsini. Unalala kifudifudi.
Unafumba jicho moja.
Pumzi unaitoa nusu, nusu unaizuia,
na kidole hukiambii lini.
Jumamosi, Dar. Wanawake tuko tisa.

"Karatasi sita," anasema,
kumbe pale mezani alikuwa akihesabu,
"ili ukatoboe karatasi."

Ndege inakimbia, inajikwaa, inainuka.
Ngamiani inapita chini na barabara zake za namba,
ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja,
nazisoma kama pointi za mtu mwingine.
Kisha mabati yanakwisha, maji yanaanza.
Nawaza mwili wa bunduki chini ya miguu yetu,
hauna ulimi, hauna la kusema,
mwepesi kuliko mtoto wa mwaka.

Bibi hatazami dirishani.
"Na nyuma ya karatasi pana nini?"
"Tuta, bibi. La mchanga. Refu kuliko mtu."
"Na nyuma ya tuta?"

Miaka saba nalenga pale.
Nimebadili macho ya bunduki, nimebadili mkanda,
nimebadili hata kocha.
Sijawahi kuzunguka nikatazame.

Injini inanguruma, ningeweza kujifanya sikusikia.
Funguo zimeniuma kiganjani.
Anangoja, jicho lake moja limenikazia,
halipepesi,
na mimi pumzi nimeitoa nusu.