Mlinzi wa Siku Moja

Kutaisi, mwezi wa pili. Mto Rioni umebeba theluji chafu,
nawe, Otari, umelala chali kama zulia lililotandazwa,
mguu mmoja umepakwa iodini hadi pajani.

Miaka ishirini na sita uliruka
ukashuka kwa magoti juu ya mbao,
pwaa! pwaa!
na ukumbi ukashtuka, kisha ukalipuka kwa makofi.
Nyuma ya pazia nilishona mishono uliyoifumua,
nikihesabu: leo mara kumi na moja, leo kumi na nne.
Hakuna aliyeniuliza hesabu hiyo ya nini.

Goti limekuja kudai.
Kigegedu kimelika, mfupa wasaga mfupa,
na ngazi za kwetu ghorofa ya tatu
unazipanda kama mtu anayehama nchi.

Novemba walikurudisha kwa sababu ya jino.
Jino! ulifoka. Nimeleta goti, wananichungulia mdomo!
Daktari Nestani, mtoto wa juzi, hakupepesa jicho:
"Penye usaha hapakosi njia. Damu hupita kote,
na chuma hakina damu ya kujitetea."
Wakaling'oa. Wiki mbili ulinuna,
ukinywa supu kwa upande mmoja,
ukinung'unika kwamba jino la pembe si dawa ya pengo,
basi goti la chuma ni dawa ya nini?

Leo nimeruhusiwa hadi mlango wa pili.
Muuguzi ameuliza mara tatu kama kuna dawa inayokudhuru.
Ukasema utotoni ulivimba midomo.
Kalamu yake ikasimama hewani.
"Ni nyuki," nikadakia, "nyuki wa baba yake. Andika nyuki."
Akacheka, akatundika kichupa cha antibiotiki,
akatazama saa ya ukutani, si uso wako:
dawa itangulie, kisu kifuate.
Ikichelewa, alisema, ni kufunga mlango
mwizi akiwa tayari jikoni.

Kisha magurudumu, kisha mlango,
kisha mimi na koti lako.

Usiku walikupa dozi nyingine, alfajiri ya mwisho.
Kichupa kikashushwa. Ya mwisho?
Mkobani nilikuwa na vidonge vya jirani Guliko,
vilivyobaki alipougua kifua, nusu pakiti,
nimevifunga kwenye leso kama hirizi.
Nikamfuata Nestani ukumbini, nikamnong'oneza:
tumwongezee, hata wiki moja, roho yangu itulie.
Akaishika ile leso, hakuifungua.
"Mama, mlinzi akikaa getini mwaka mzima
wezi humzoea. Humjua hata kwa jina.
Siku tutakapomhitaji kweli, watapita wakimsalimu."
Niliona aibu. Nilikasirika pia, sitaficha.
Dawa ya siku moja kwa goti la maisha?

Lakini nimerudi nyumbani na kazi iliyobaki ni yangu.
Kitambaa kikavu. Paka nje. Shuka zimechemshwa.
Marafiki zako wa jukwaani wamekuja na mvinyo na mikate ya jibini,
wanne, wanene, wenye sauti za kubomoa paa,
nimewasimamisha mlangoni na beseni.
Nawa, Zurabi. Na wewe, Tariel, hadi kiwiko.
Wamenawa kama watoto wa shule.
Wakainua glasi kwa afya ya goti,
nami nikasema hakuna atakayeligusa.

Kila asubuhi naweka mgongo wa kiganja kando ya kidonda:
joto la jana, au zaidi?
Wekundu umebaki mpakani au umevuka?
Mishono ishirini na tatu. Safari hii si yangu,
ila naihesabu, na hesabu hii najua ni ya nini.

Siku ya kumi na mbili unaomba fimbo.
Unasimama. Unakunja, jasho likikutoka puani,
unakunja zaidi, unafika dirishani
na kunigeukia, kidevu juu, kama zamani,
ukingoja.

Sipigi makofi, Otari.
Mikono yangu ina sabuni.