Haipatikani Ulipo

Shangazi Mueni aliutuma kutoka Leipzig,
umeviringwa ndani ya soksi za sufi na chokoleti iliyoyeyuka:
mchezo halisi, kwenye kasha, wenye muhuri unaong'aa
na kikaratasi cha herufi ishirini na tano
nilizozipiga moja moja
kama mtu anayehesabu meno ya mtoto.

Kompyuta ikafikiri.
Ikazungusha kile kiduara chake.
Ikanijibu kwa Kijerumani, kisha, kwa adabu zaidi, kwa Kiingereza:
haipatikani ulipo.

Nilipo ni Luthuli, ghorofa ya pili, kibanda cha kumi na tisa,
kati ya fundi wa spika na mama wa chaja,
chini ya bango lisemalo MUSYIMI: TUNAFUFUA.
Nikafungua orodha ya nchi ili nijichague.
Kamerun. Kanada. Kazakstani.
Kirigizi.
Nikapandisha, nikateremsha,
nikauchungulia ule ufa mwembamba kati ya mistari
ambamo sisi sote, na ng'ombe wetu, na madeni yetu,
tulikuwa tumedondokea.

Basi usiku ule nikachukua faili la bure
lililovunjwa na kijana nisiyemjua wa mji nisioujua.
Likafunguka kama mlango wa jirani.
Kasha la Shangazi liko rafuni. Hulipangusa vumbi.

Nilinunua nikanyimwa, nikaiba nikapewa.
Lile kufuli halikumzuia mwenye bisibisi,
lilimzuia mwenye risiti.

Nikaanza kuwauzia wengine. Mia kwa flashi,
mia na hamsini ukitaka nikuwekee mwenyewe.
Wanafunzi wa Ngara, askari wa benki,
padri mmoja (simtaji) mpenda mpira.
Kila mmoja nilimsimulia habari ya orodha
na kila mmoja alinipa haki, pamoja na mia.

Halafu akaja Kerubo.
Hakuja kununua. Alikalia kreti ya soda,
akashusha kidole polepole kwenye skrini yangu
mpaka kikasimama.
"Huu," akasema, "ni wangu."

Miaka mitatu, chumba kimoja, Roysambu.
Feni ikipoza kompyuta, yeye akijipepea kwa daftari.
Mvua ya mchezoni aliirekodi kwenye mabati ya mama yake, Nyamira.
Ameuza nakala mia mbili na kumi na moja.
Mimi peke yangu, mia tatu.

Nikasema sikujua.
Nilijua. Jina lake liko pale mwanzoni, sekunde nne,
kabla hujabonyeza kuruka.

"Mbona hukuweka kufuli?"
"Niliweka. Nikalitoa. Mchezo ulitaka kupiga simu nyumbani
kila ukiamka, na nyumbani ni kwangu,
na kwangu stima hukatika.
Walionipigia wakilia ni wale waliolipa.
Wako hawakuona hata giza."

"Shamba lisilo na ua," nikasema, "usilaumu mbuzi."
"Na mbuzi akiwa na kibanda? Na bango?"

Tukabishana hadi mama wa chaja akashusha mlango wake.
Nikamwambia wa ng'ambo wametufungia nje.
"Mimi siko ng'ambo, Musyimi.
Hapo ulipo, ndipo nilipo."

Wake nimeufuta. Nambari yake ya malipo nimeibandika ukutani,
juu ya kalenda, na wengine hulipa,
na wengine huisoma tu kama tangazo la mazishi ya mtu wa mbali.
Padri alilipa mara mbili.
Ile ya Wajerumani bado nauza. Usiniulize kama ni haki;
niulize bei.

Juzi Kerubo alipita kunionyesha simu yake:
nakala moja imenunuliwa, saa tisa usiku,
na mtu wa Kirigizi.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
Nami nikacheka,
huku nikimwonea wivu mtu huyo
asiyenijua,
aliye kwenye orodha.