Viporo

Theluji ya kwanza ilipoangukia Haapsalu
nilivuta sanduku kutoka uvunguni,
likakwaruza sakafu kwa sauti ya mdai.
Nikaapa mbele ya paka na kalenda:
sinunui hata donge moja la uzi
mpaka viporo vyote viishe.

Nikavihesabu. Kumi na saba.
Nikahesabu tena, kwa matumaini.
Kumi na vinane: soksi ilijificha ndani ya soksi.

Miaka thelathini nilikata tiketi stesheni.
Sikuona treni hata moja ikiachwa njiani
kwa sababu dereva kapenda reli nyingine.
Lakini mimi, nyumbani, ndivyo nilivyokuwa:
uzi mpya dukani una rangi ya divai,
na ule wa zamani, maskini,
unageuka mke mkubwa.

Glavu ya kushoto ya Rasmus, mpwa wangu.
Ya kulia haikuzaliwa. Alikuwa na miaka sita;
leo ana ndevu, na gari linalopasha viti moto.
Nikaifuma hivyo hivyo, ndogo kama mdomo wa bata,
nikamtumia zote mbili kwa posta.
Akapiga simu akicheka:
zinamtosha vizuri, kwenye vidole gumba.

Kitambaa cha meza: sindano ilisahaulika ndani ya ua,
ikala kutu, ua likapata jicho la kahawia.
Nilisugua kwa limau, kwa chumvi, kwa matusi.
Mwishowe nikalizungushia petali za manjano.
Atakayeuliza, ni alizeti.

Sweta la Tõnis lina mkono mmoja.
Kabla ya mkono wa pili alihamia Tartu
kwa mwalimu wa piano.
Miaka kumi na moja nimelitunza na nondo wake
kana kwamba baridi ya bega moja ingemrudisha.
Nikashika ncha, nikavuta.
Safu kwa safu, trrr, trrr,
kifua kikaufuata mgongo,
uzi ukarundikana miguuni umejikunja kama tambi.
Nikauosha, nikautundika bafuni
na chupa ya maziwa chini yake, unyooke.
Siku ya tatu ulikuwa umesahau kila kitu.
Nikaona wivu.

Januari bahari iliganda. Nilimaliza soksi,
nikamaliza mto, nikamaliza kofia ya mtu
nisiyemkumbuka, mwenye kichwa kikubwa.
Kuni zilipungua, sanduku likaanza kutoa mwangwi.

Chini kabisa, ndani ya foronya: shali ya Salme, dada yangu.
Lesi nyepesi kama pumzi kwenye kioo cha dirisha.
Alifika nusu. Halafu Aprili, halafu hospitali.
Mishono mia moja na tatu ilisimama foleni kwenye sindano,
nami nilikuwa nimefunga dirisha la tiketi.

Nililiwashia taa mbili.
Nikaingiza sindano pale kidole chake kilipoishia.
Salme alifuma huku akisengenya, mkono umelegea;
mimi hufuma kama mtu anayefunga mzigo.
Nilijaribu kulegeza. Nilijaribu hata kusengenya,
peke yangu, kwa sauti, habari za mke wa mchungaji.
Wapi. Mpaka unaonekana: hapa Salme, hapa mimi,
hata kipofu angeupapasa.

Desturi ya mji huu, shali ya kweli hupita ndani ya pete.
Nikachukua pete ya mama.
Nusu yake ilipita kama mvuke wa birika.
Yangu ikafika mlangoni, ikagoma.

Sikuvuta.
Niliiacha mezani, nusu huku, nusu kule,
pete imeikaba kiuno.

Valve wa ghorofa ya juu akaja kuazima sukari,
akaitazama, akatikisa kichwa:
"Na hii nayo bado hujamaliza?"

"Nimemaliza," nikasema.
"Vua viatu, unatoneza theluji. Kaa."