Kombolela

Umeme ukikatika Magomeni, mmoja wetu alihesabu,
uso ukutani kwa mama Sefu: tano, kumi, kumi na tano.
Waliokamatwa walisimama kwenye nguzo wakipiga mbu
mpaka Chausiku, wa mwisho siku zote,
achomoke nyuma ya pipa, aiguse nguzo:
kombolela!
Tukatawanyika tena, huru,
bila kujiuliza neno limetoka wapi.

Leo, Mtaa wa Sikukuu, dirisha la rehani.
Karani hakuinua kichwa: "Unakomboa?"
Nikasukuma noti. Akanipa hereni za mama
ndani ya bahasha ya kaki.

Komboa.
Miaka thelathini lilikuwa limejibanza nyuma ya pipa.

Kiganja changu kikagonga kaunta, chenyewe.
"Risiti hutaki?" akauliza karani.