Deni la Kitabu

Kadi yake ingali kwenye sanduku la mbao,
nyuma ya Lisutsa, mbele ya Lusweti:
Lumiti, Ezra. Mwalimu wa hesabu.
Miaka kumi na minane nagonga mihuri hapa Kakamega.
Wapo wanaokuja kusoma magazeti ya jana,
wapo wanaokuja kulala juu ya ramani za dunia,
lakini njaa kama yake sijaiona:
alitaka tu vitabu vya watu waliokwenda zao.

Karani aliyeacha funguo mezani akapanda mlima.
Bibi aliyefuata nyayo za chui
hata akalisahau jina alilopewa na shangazi.
Mtawa wa pangoni na nzi wake mmoja.
Rafu nzima aliimaliza, kisha akaianza tena kutokea mwisho,
kana kwamba watu hao wanaweza kusomwa wakirudi nyumbani.

Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa ubaoni:
*Chumvi aliipata wapi?*
*Viatu vilipokwisha?*
*Nani alikuwa akimwogesha mama yake?*

Nilidhani anawadhihaki.
Nikamtoza shilingi hamsini za uchafuzi.
Kumbe alikuwa akipiga hesabu.

Jumatano moja, mvua ya saa tisa ikisaga mabati,
aliazima cha mwisho. Siku kumi na nne, nikamwambia.
Akacheka kidogo, kama mtu aliyetajiwa umri wa jiwe.

Siku ya kumi na tano nikatuma barua.
Aliyekuja nayo mkononi ni mkewe, Kageha,
matope ya Shinyalu hadi kwenye vifundo vya miguu.
Hakulia. Alisema, "Nipe alivyokuwa akisoma."
Siku tatu alikaa meza ya dirishani,
kidole chini ya mstari, midomo ikitafuna silabi.
Cha mwisho akakifunga, akanisukumia
kama sahani iliyolambwa bila kushiba.
"Hawa wote wameeleza mvua, wameeleza moto,
hata jani likianguka wamelieleza.
Hakuna aliyeandika
jioni ile mke alimsongea nani ugali."

Habari zilikuja moja moja, kila moja na mguu wake mbovu.
Mlinzi wa msitu alimwona Buyangu akichuma mapera.
Waokota kuni wa Isecheno waliona moshi mwembamba,
wakauacha, kwani moshi si mtu.
Mtoto mmoja aliapa kwamba mwalimu
huwaita mbega majina asubuhi, kama darasani,
na asiyeitika huwekewa alama.

Kageha akaanza kwenda.
Kila Jumamosi, nusu kilo ya chumvi
imefungwa gazetini, mzizini pa mti wa mukumu,
kisha hugeuka, wala haiti.
Nilimwambia hayo ni mapenzi.
Akaniangalia kama mtu aliyeniuzia maziwa kwa mkopo.
"Aliuliza swali," akasema. "Mimi nalijibu."

Wiki ya arobaini na moja nilifungua mlango
nikakanyaga kitu laini.
Kitabu, kimevimba kwa unyevu kama mkate chaini,
kinanuka moshi, na ukungu wa kijani
umeanza kusoma kutoka jalada la nyuma.
Nikakipekua mpaka ukurasa ule wa mwisho
ambapo shujaa anaingia mawinguni na msomaji anatakiwa kuugua.
Pembeni, penseli iliyochongwa kwa meno:
*Chumvi: Jumamosi.*
Chini yake, mstari. Chini ya mstari, hakuna jumla.

Faini ni shilingi mia nne na kumi. Sijaiandika.
Kwenye daftari niliandika neno moja, *Kimerudi*,
na Kageha, aliyekuwa akisoma juu ya bega langu,
akaweka kidole kwenye silabi ya kwanza,
akakiacha hapo muda mrefu,
kama anayezuia mlango usifungwe na upepo.

"Ki," akasema.

Nje mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa msitu.
Ilikuwa Ijumaa. Akaniomba gazeti la zamani.
Nikampa lenye kurasa nyingi.