Mizinga

Neno hili baba yangu hulibeba mara mbili:
mzinga wa gome la myombo, wenye nyuki,
na mzinga ule mwingine.
Kiswahili hakikumhurumia.

Hapa Ipole, ukimwamsha Mzee Nkwabi
mguse unyayo kwa fito, ukiwa mbali,
na utaje jina lako kwanza:
Ni mimi, baba. Ni Kalunde.
Mama alitufundisha hivyo
kabla hajatufundisha kuchota maji.
Baba hulala na viatu. Kamba zimefungwa.

Watu walisema mengi. Kwamba kalogwa.
Kwamba alirudi na mzimu wa ng'ambo ya Kagera
ndani ya kopo la buni.
Kwamba askari gani huyu,
anaruka bati likilia kwa jua.

Julai, Siku ya Mashujaa, walimpa kiti cha mbele,
soda, meza yenye kitambaa.
Mwenyekiti akamwita tunu ya kata.
Redio ikafunguliwa hadi mwisho
na huko Dodoma ukapigwa mzinga mmoja,
wa kuwaheshimu.

Baba alikuwa chini ya meza,
amenifunika kwa kifua chake,
mimi, mama wa watoto wanne,
na soda ikitiririka kama
hapana. Ilikuwa soda tu.

Wengine walicheka.
Mwenyekiti aliinua kiti.

Jumatano tukapanda basi la alfajiri hadi Tabora mjini.
Muuguzi alikuwa binti mdogo, jina lake Mwavita;
baba alilisoma kifuani mwake, akaguna.
Hakumuuliza aliua wangapi,
kama wanavyomuuliza watoto wa shule.
Alifunga dirisha la upande wa reli,
akavuta kigoda, akasema:
Ulikuwa na nani?

Baba alitazama viatu vyake
mpaka treni ikapita, ikaisha.
Kisha: Ntalima. Kapaya. Mashishanga.
Lutobeka aliyeimba puani.
Na kijana wa Pemba, kombania nzima ilimwita Pweza.

Nikashika ukuta.
Majina hayo nayajua. Ameyachonga
kwenye mizinga yake porini, mmoja mmoja,
nami miaka yote nilidhani ni wateja wa asali.

Dawa anameza. Zinamkausha mdomo.
Nauli ya kila mwezi ni lita mbili za asali,
tatu mvua ikikata barabara.
Usiku bado anakagua komeo, mara nne, mara sita.
Sitasema amepona.

Ila juzi alinipeleka porini.
Akagusa mzinga wa kwanza kwa fito, akiwa mbali,
akataja jina lake kwanza:
Ni mimi, Nkwabi. Nimekuja na binti yangu.
Nyuki wakanguruma kidogo, wakatulia.

Mzinga wa Pweza ulikuwa mtupu. Wamehama.
Nilimtazama uso, nikahesabu pumzi.
Kapewa likizo, akasema,
akakaa kwenye majani makavu,
akavua kiatu.
Kimoja. Kingine akabaki nacho.