Mlio wa Chumba cha Uani

Fundi Mbwilo aliliacha ukutani,
sanduku la kijivu, feni yake inanong'ona,
na chini yake betri mbili, mapacha wanene,
wamelazwa juu ya ubao wasiguse saruji.
Akasema, Mama Tunsume, sikiliza:
umeme ukiwepo, hili ni mlango tu,
umeme unapita kama mgeni anayevuka ukumbi kwenda uani,
na kila apitapo huwaachia betri chochote.
Kwanza hunywa kwa pupa kama waliofungua saumu,
kisha kwa kituo,
kisha tone, tone,
ya kutosha tu wasisahau ladha.

Na ukikatika?
Akacheka. Akaenda kwenye mita, akashusha swichi.
Tak.
Taa haikupepesa.
"Sasa Tanesco ni wewe, mama."

Nina mayai mia mbili sitini na manne
kwenye mashine ya kutotolea,
nyuzi thelathini na saba na nusu,
siku ishirini na moja, usiku na mchana.
Yai halijui mgao.

Siku ya kumi na tisa, Bonyokwa, saa tatu usiku.
Tak.
Mtaa mzima ukaguta kwa koo moja,
nyumba yangu peke yake ikabaki na macho.
Basi wakaja:
binti wa Kalembo na simu tatu,
Shabo kinyozi na mashine yake mfukoni,
na Baba Tunsume kwenye kochi, kipindi cha pili hakimpiti.
Ningemkatalia nani?
Mpaka Tunsume akachomeka pasi.
Sanduku likapiga yowe, taa nyekundu,
giza,
likajaribu tena, likakataa.
Nikachomoa pasi. Nikachomoa simu za watu.
Nikachomoa friji, samaki wakalale na joto lao.
Nikachomoa runinga.
"Magoli utasimuliwa."

Saa tisa likaanza kulia kwa namna nyingine,
mlio wa pole, wa mbalimbali,
kama mgonjwa asiyetaka kusumbua.
Nikampigia Mbwilo, usingizi umemjaa kinywani.
"Betri zimeshuka. Litajizima."
Linakufa?
"Halifi, mama. Linajizima ili betri zisife.
Zikitoa mpaka tone la mwisho, hazirudi."
Nikabaki na simu sikioni.
Miaka thelathini na moja wodini, zamu juu ya zamu,
na hakuna aliyewahi kunionyesha swichi hiyo.

Likanyamaza.
Basi ikawa zamu yangu.
Jiko la mkaa, sufuria ya msiba,
chupa tupu za bia nilizogongea grosari ya Mama Ritha
(akanitazama, hakuuliza),
maji moto ndani, khanga nje,
nikazipanga kando ya mayai kama vichanga.
Thelathini na sita. Thelathini na sita na kitu.
Nikabadilisha chupa. Nikabadilisha tena.
Mkono wangu juu ya kioo,
nikihesabu kama nilivyohesabu mapigo.

Saa kumi na moja na robo mtaa ukashangilia.
Sanduku halikushangilia.
Umeme wa alfajiri ulikuwa unapanda, unashuka,
nalo likautazama kwanza
kama mwenye duka anayeinua noti kwenye mwanga.
Kisha tak, likafungua mlango,
na betri wakanywa kwa pupa.
Mimi nikalala sakafuni, na sandali zangu miguuni.

Siku ya ishirini na moja naosha vyombo,
nikasikia: pii.
Pii.
Nikatupa sufuria, nikakimbia na povu mikononi,
nani tena kachomeka pasi!
Nikatazama ukutani.
Taa ya kijani. Betri zimejaa. Feni inanong'ona.

Pii.

Nikageuka polepole
kuelekea upande wa pili wa chumba.